Nyutroni na gama za anga ya juu: upandishe kifaa gani na puto?

Watu wengi wakianza mambo haya wanauliza "detekta ipi ndo nzuri", na mimi huwa nawarudishia swali, unatafuta nini na unapanda na nini? Maana nyutroni ya MeV 1 (MeV ni elektroni-volti milioni, kipimo cha nishati, keV ni elfu na GeV ni bilioni) na nyutroni ya MeV 100 zinataka vifaa viwili tofauti kabisa, gama ya keV 511 na gama ya MeV 20 inayotoka kwenye wingu la radi nazo hivohivo, alafu kuna uzito, kuna umeme, kuna baridi, kuna hela. Kwa hiyo nalinganisha hapa vifaa vinavyotumika kweli, nikiwa na picha ya kikundi kidogo, tuseme wanafunzi wa fizikia na uhandisi, wana puto la mpira la hali ya hewa linalobeba kilo mbili hivi na kupasuka karibu na kilomita 30. Mambo ya wakubwa nitayagusa pia, kwa sababu usipoona wao walibeba nini hutaelewa kwa nini kifaa chako kidogo kina mipaka.

Kule juu kuna nini hasa

Protoni zinazotoka nje ya mfumo wa jua, ndo wanaziita miale ya kosmiki, zinagonga viini vya nitrojeni na oksijeni, kiini kinapasuka, vipande navyo vinaenda kugonga viini vingine, yani mvua kabisa ya chembe. Humo ndimo zinatoka nyutroni, na humohumo zinatoka pioni, chembe za muda mfupi mno, zisizo na chaji ambazo papo hapo zinageuka gama mbilimbili, gama zinazaa elektroni na positroni (elektroni zenye chaji chanya), positroni zinakufa na kuacha ule mstari wa keV 511 ambao utauona kwenye kila spektra, yani grafu ya nishati, utakayopima angani. Victor Hess alipanda na puto mwaka 1912 hadi kama kilomita 5.3 akakuta mionzi inaongezeka badala ya kupungua, na miaka ya 1930 Regener na Pfotzer wakaonyesha haiongezeki tu bila mwisho, inafika kilele alafu inashuka. Kilele hicho kipo kati ya kilomita 15 na 22 hivi kutegemea na latitudo.

Piga hesabu kidogo hapo. Puto la mpira linapanda kama mita 5 kwa sekunde, kwa hiyo kipande chote cha kilomita 15 hadi 22 unakipita ndani ya dakika 23. Hizo ndo dakika zako za dhahabu, na nyutroni zenyewe ni chache tu kwa kila sentimita ya mraba kwa sekunde, so kifaa kidogo chenye ufanisi wa asilimia moja kitakurudishia namba ambazo huwezi kuchorea hata grafu ya maana.

Nyutroni za angani zina vilima viwili vya nishati vinavyotuhusu. Kimoja kipo kwenye MeV 1 hadi 2, hizi ni zile zinazochemka kutoka kwenye kiini kilichopashwa moto na mgongano, kingine kipo karibu na MeV 100, hizi zinapigwa moja kwa moja kutoka kwenye kiini. Zile za polepole kabisa, za joto la kawaida, kule juu kwenye hewa tupu karibu hazipo kwa sababu nitrojeni inazimeza na kuzigeuza kaboni-14, ileile wanayopimia umri wa mifupa na mkaa wa kale. Hii usiisahau, tutairudia tukifika kwenye heliamu-3.

Na kama unarushia huku kwetu Afrika Mashariki jua kwamba sumaku ya dunia inakubania. Karibu na ikweta protoni inatakiwa iwe na zaidi ya GeV 12 au 13 ndo ipenye wima, wakati Kiruna kule Sweden, wanaporushia maputo ya wanafunzi wa Ulaya, hata isiyofika GeV 1 inapita kwenye kizuizi cha sumaku. Maana yake kwetu idadi ni ndogo kuliko zile grafu za Ulaya na Marekani unazozikuta kwenye makala, usishangae na usidhani detekta imekufa. Mwenye hali kama yetu wa kujilinganisha naye ni kituo cha maputo cha TIFR, taasisi ya utafiti, pale Hyderabad, India.

Upande mwingine hiyo hali ni mali. Wamarekani walirusha setilaiti ya gama SAS-2 tarehe 15 Novemba 1972 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, na mzingo wa juu ya ikweta ulifaa sana kwa sababu kelele ya miale ya kosmiki ni ndogo.

Mrija wa Geiger dhidi ya kila kitu kingine

Nianze na huu kwa sababu ndo wa bei rahisi na ndo kila mtu anaukimbilia. Mrija wa Geiger unahesabu tu, haujui nishati, haujui aina ya chembe. Gama ikipita ndani yake unainasa kama mara moja kwa mia, ila chembe yenye chaji unainasa karibu kila mara. Sasa kule kilomita 18 chembe zenye chaji zimejaa, elektroni, protoni, muoni (kama elektroni ila nzito), kwa hiyo ile grafu nzuri yenye kilele utakayoipata, watu wakaipigia makofi na kuiita grafu ya gama, kwa sehemu kubwa sio gama, na nyutroni hazimo kabisa.

Siudharau lakini. Taasisi ya Lebedev ya Urusi imekuwa ikirusha maputo yenye mirija ya aina hii tangu 1957, na hiyo ni mojawapo ya rekodi ndefu na nzuri zaidi za miale ya kosmiki angani, unaona kabisa mzunguko wa jua wa miaka 11 ukipanda na kushuka. Kama lengo lako ni kuonyesha kilele cha Regener na Pfotzer kwa watoto wa sekondari, chukua Geiger, weka viwili kimoja juu ya kingine usome na zile zinazopita vyote kwa pamoja, umemaliza. Kama lengo ni gama au nyutroni, usiubebe.

Gama: kristali ipi

Hapa ndo kuna uchaguzi wa kweli na ndo watu wanapotea, maana karatasi za wauzaji zote zinasifia. Kristali hizi ni sintileta, yani gama ikizigonga zinatoa mwanga, na sensa inaupima mwanga huo kujua nishati.

Sodiamu ayodaidi yenye thaliamu ndo mkongwe, Robert Hofstadter aliitoa 1948 na mpaka leo ipo kwenye kila maabara. Mwanga wake ni mwingi, fotoni (punje za mwanga) kama 38 kwa kila keV, inatenganisha nishati kwa asilimia 6 au 7 kwenye keV 662, na asilimia ikiwa ndogo ndo bora. Bei yake haiumi sana. Shida yake inanyonya unyevu vibaya mno, kifuniko kikipata ufa kidogo tu inageuka njano na kufa, na puto linatua kwenye tope, kwenye mto, kwenye mkonge, halichagui. Alafu kiasili inaenda na foto-maltiplaya ya kioo, mrija unaogeuza mwanga hafifu kuwa umeme, inayotaka volti 800 mpaka 1,500, na hiyo volti kule juu ni janga nitakaloeleza baadae.

Siziamu ayodaidi yenye thaliamu ni nzito zaidi, gramu 4.51 kwa sentimita ya ujazo dhidi ya 3.67, mwanga wake ni mwingi kuliko wa sodiamu, fotoni 54 hivi kwa keV, na rangi ya mwanga wake ipo kwenye nanomita 550 ambapo sensa za silikoni zinaona vizuri. Inavumilia kugongwa, haipasuki ovyo, unyevu inaupenda kidogo tu. Kasoro yake ni uvivu, mwanga wake unachukua kama maikrosekunde moja kuisha wakati wa sodiamu ni nanosekunde 230, lakini kwa idadi ndogo za kwenye puto dogo uvivu huo haukuumizi hata chembe. Mchemraba wa sentimita 2.5 una gramu 70 tu.

BGO sasa, hii ni nondo. Gramu 7.13 kwa sentimita ya ujazo na ndani yake kuna bismathi, gama ya keV 511 inapungua hadi theluthi na kitu ndani ya sentimita moja tu, wakati kwenye sodiamu ayodaidi unahitaji karibu sentimita 3 kwa kazi hiyohiyo. Hainyonyi unyevu kabisa, unaweza ukaiosha kwa maji. Ila mwanga wake ni hafifu, fotoni 8 hadi 10 kwa keV, mistari inakuwa minene, na mwanga unabadilika kama asilimia moja kwa kila digrii ya joto, sasa fikiria kifaa kinachotoka nyuzi 30 za Dar kwenda kwenye tropopozi ya kwetu, pale hewa inapoacha kupoa ukipanda, yenye nyuzi hasi 75 au zaidi. Watu wengi hawajui kwamba tropopozi ya ikweta ni baridi kuliko ya huko Ulaya, hewa ya huku inapanda juu zaidi kabla haijaacha kupoa.

Lanthanamu bromaidi ni ya matajiri. Asilimia 3 kwenye keV 662, kasi ya nanosekunde 16, kila kitu kizuri, isipokuwa ina mionzi yake yenyewe ya lanthanamu-138 inayokuwekea kilima karibu na MeV 1.47 hata ukiwa umekaa mezani, na bei yake inaweza kumeza bajeti ya mradi mzima. Kwa puto linaloweza kupotea, sioni sababu.

Germaniamu ndo mfalme wa kutenganisha nishati, ila inataka baridi ya kama kelvini 80 na nyutroni zinaiharibu taratibu. Kuna puto la COSI, darubini ya gama, lililobeba detekta 12 za germaniamu, lilirushwa kutoka Wanaka, New Zealand, Mei 2016 likazunguka siku 46 mpaka likatua Peru. Ukitaka kuchora ramani ya keV 511 ya katikati ya galaksi hiyo ndo njia, ila sio kwa kilo mbili.

Kwa puto dogo mimi nasema siziamu ayodaidi na sensa ya silikoni, sina kigugumizi. BGO nitaichagua pale tu unapofukuzia gama za MeV nyingi na uzito unaruhusu, na ukumbuke hata hiyo BGO ikiwa ndogo, gama ya MeV 10 haitaachia nishati yote ndani, utapata mkia mrefu badala ya kilele.

Volti na hewa nyembamba

Nimeahidi kueleza. Hewa ya kawaida inazuia cheche vizuri, hewa nyembamba inazuia vibaya zaidi, na kwenye kilomita 25 hadi 35 umeme wa volti elfu moja unaanza kuvuja na kurusha cheche mahali ambapo mezani haukuwahi kugusa. Kila cheche inaingia kwenye data kama palsi (mpigo wa umeme) nzuri tu, utadhani umegundua kitu. Dawa ni mbili, ama uzamishe waya zote za volti kubwa kwenye silikoni laini bila kiputo hata kimoja cha hewa, ama ufunge kila kitu ndani ya chombo kisichopitisha hewa chenye presha ya ardhini.

Au, na hii ndo napenda, uikwepe shida yenyewe. Kwenye hewa cheche haiwezi kuwaka kabisa chini ya volti 327 hivi, iwe presha yoyote, na sensa ya silikoni inataka volti 30 hadi 55. Mjadala umeisha hapo. Bei ya kulipa ni kwamba sensa hizo zinayumba na joto, volti yake ya kuanzia inahama milivolti 20 mpaka 60 kwa kila digrii kutegemea na aina, kwa hiyo weka kipimajoto nyuma ya sensa yenyewe, sio kwenye kona ya boksi, urekebishe volti au urekebishe data baadae. Na ule mstari wa keV 511 upo muda wote wa safari, utumie kama rula, kila dakika kadhaa unatafuta umesogea wapi na unairudisha skeli mahali pake.

Nyutroni: hapa ndo kazi

Heliamu-3 kwanza kwa sababu ndo jina kubwa. Nyutroni ya polepole ikiingia inatoa protoni na tritiamu zenye jumla ya keV 764, palsi safi kabisa, gama karibu haziisumbui. Lakini inakula nyutroni za polepole, na nimeshasema kule juu nitrojeni imeshazila. Ukirusha mrija mtupu wa heliamu-3 unachopima kwa kiasi kikubwa ni nyutroni zilizopunguzwa kasi na betri zako, na plastiki zako, na boksi lako, yani unajipima mwenyewe. Lazima uuvishe polietilini, sentimita kadhaa kila upande, kwa sababu haidrojeni ndo inayopunguza kasi, nyutroni ikigonga protoni ni gololi kugonga gololi, inaacha nusu ya nishati kwa wastani. Sasa hiyo polietilini ina kilo zake. Alafu gesi yenyewe inatokana na kuoza kwa tritiamu ya silaha za nyuklia, tangu ule uhaba wa kama 2008 bei iliruka na haijawa rafiki tena. Mirija ya boroni trifloraidi ipo kama mbadala ila gesi yake ni sumu, mimi siipandishi kwenye kitu kitakachoanguka shambani kwa mtu.

Sintileta ya majimaji, familia ya NE-213 na EJ-301, ndo imefanya kazi kubwa ya nyutroni za kasi kwa miongo mingi. Nyutroni inagonga protoni ndani ya kimiminika, protoni inatoa mwanga, na mwanga wa protoni una mkia mrefu kuliko mwanga wa elektroni iliyopigwa na gama, so ukipima umbo la palsi unatenganisha nyutroni na gama kwenye kifaa kilekile. Kwa mada yetu hiyo ni raha kubwa, kifaa kimoja na majibu mawili. Tatizo mvuke wa EJ-301 unaweza kushika moto ukipata cheche kuanzia nyuzi 26 tu za Selsiasi, yani Mombasa mchana hiyo ni petroli mezani. EJ-309 ina nyuzi 144, afadhali, ila bado ni kimiminika kinachotanuka na kusinyaa na kinaweza kuvuja.

Ndo maana kwa puto dogo naegemea stilbini, kristali kavu inayotenganisha umbo la palsi vizuri sana, au zile plastiki mpya za EJ-276 na ndugu zake. Stilbini ni bora kwa kutenganisha, plastiki ni rahisi zaidi na unaichonga umbo unalotaka na haikatai kugongwa. Ukiwa na hela ya moja tu na elektroniki yako inaweza kusoma palsi kwa kasi ya sampuli milioni mia kadhaa kwa sekunde, chukua stilbini. Ukiwa na elektroniki ya kawaida ya kikundi cha wanafunzi, kusema kweli utenganishaji utakushinda kwenye nishati za chini iwe yoyote utakayonunua, kwa sababu protoni ya MeV 1 inatoa mwanga kidogo sana, kama robo au chini ya robo ya mwanga wa elektroni yenye nishati hiyohiyo, inazama kwenye kelele. Weka kizingiti cha nyutroni kwenye MeV 2 hivi utulie.

CLYC ni ya kuvutia, kristali yenye siziamu, lithiamu, itriamu na klorini, inapima gama kwa asilimia 4 hadi 5, inanasa nyutroni za polepole kwa lithiamu-6 na za kasi kwa klorini-35. Kwenye karatasi ni ndoto. Bei yake sio ya ndoto, na kwa nyutroni za kasi ufanisi wake kwenye kristali ndogo ni mdogo. Setilaiti ndogo ya chuo chenye ufadhili, sawa.

Kuna na detekta za viputo, zile chupa ndogo za jeli zenye matone yaliyopashwa kupita kiwango cha kuchemka, nyutroni ikigonga tone linageuka kiputo na wewe unahesabu kwa macho. Hazitaki umeme, gama hazizioni kabisa, zimetumika mpaka kwenye kituo cha anga cha kimataifa. Kwa puto zina shida mbili, zinabadilika na joto na presha, na zinakupa jumla tu ya safari nzima bila kujua kilomita ngapi ilitokea nini. Kwa kupima dozi ya rubani ndani ya ndege yenye hewa na joto la kawaida ni nzuri sana, huko ndo kwake.

Ukitaka zile za MeV 100

Hapa wengi hawapendi jibu. Protoni ya MeV 100 inasafiri zaidi ya sentimita 7 ndani ya plastiki kabla ya kusimama, kwa hiyo kwenye kristali ya sentimita 2.5 inatoka nje imeacha sehemu tu ya nishati na wewe unaandika nyutroni ya MeV 15. Hakuna programu ya kurekebisha hilo vizuri.

Njia zilizofanya kazi ni mbili. Ya kwanza ni duara za Bonner, zilizobuniwa 1960 pale Rice, Texas, mipira ya polietilini ya ukubwa tofauti na detekta ya nyutroni za polepole katikati, kila ukubwa unaona nishati yake, na kwa zile za juu unaongeza tabaka la risasi au chuma kingine kizito ambapo nyutroni moja kali inazaa kadhaa dhaifu. Paul Goldhagen na wenzake waliweka detekta 14 za namna hii kwenye ndege ya NASA aina ya ER-2 mwezi Juni 1997, ikaruka hadi kama kilomita 20, na spektra zile mpaka leo ndo watu wanazitumia kuhakiki mahesabu ya kompyuta. Zinapima kutoka za polepole kabisa mpaka za GeV. Ila hazijui mwelekeo, zina uzito wa kutisha, na jibu linatoka kwa hisabati ya kufumbua, ambayo ukianza na makisio mabaya inakupa makisio yako yaleyale yamevalishwa suti.

Ya pili ni darubini ya migongano miwili. Nyutroni inagonga sintileta ya kwanza, inaruka hadi ya pili mita moja hivi chini, unapima muda. Gama inamaliza mita hiyo kwa nanosekunde 3.3, nyutroni ya MeV 100 kwa karibu 8, ya MeV 10 kwa 23, kwa hiyo saa peke yake inakwambia nani kapita, na hesabu ya pembe inakwambia katokea wapi, juu au chini. Kikundi cha R. Stephen White cha Chuo Kikuu cha California, Riverside, kilirusha darubini ya namna hii kwa maputo makubwa kutoka Palestine, Texas, mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakapima nyutroni za MeV 10 hadi 100 zinazotoka angani kwenda juu. Hizo za kwenda juu sio za kupuuza, nyutroni huru inaishi kama dakika 15 tu kisha inavunjika kuwa protoni na elektroni, na protoni hizo zinanaswa na sumaku ya dunia kujaza mkanda wa ndani wa Van Allen. COMPTEL, darubini ya gama ya kwenye setilaiti iliyokaa angani 1991 hadi 2000 ilikuwa na mpangilio huohuo kwa ajili ya gama, majimaji juu na sodiamu ayodaidi chini.

Kati ya hizo mbili, ukiwa na nafasi kwenye puto kubwa la kilo mia na zaidi, darubini. Ufanisi wake ni mdogo mno, chembe nyingi hazigongi mara mbili, ila kila tukio unaloliandika unalijua. Ukiwa na ndege na unataka dozi, Bonner. Ukiwa na kilo mbili, achana na MeV 100, andika kwenye ripoti kwamba umepima MeV 2 hadi 10 na usimame hapo kwa heshima.

Ngao ya chembe zenye chaji

Bila hii kila nilichoandika juu kinaharibika. Zungushia kristali yako sahani za plastiki ya sintileta za milimita 5 au 6 kila upande, chembe yenye chaji ikiingia inawasha plastiki na kristali kwa pamoja, unaitupa, gama na nyutroni kwa kawaida zinapita plastiki bila kuiwasha. Hata SAS-2 ilikuwa na kofia ya plastiki juu ya chemba yake ya cheche. Ukibanwa na uzito punguza ukubwa wa kristali, usipunguze ngao. Na zile ulizozitupa zihifadhi, usizifute angani, ndo grafu yako ya chembe zenye chaji ya bure.

Kama unachofukuzia ni radi

Hii ndo sehemu ambayo sisi wa ukanda huu tuna bahati kuliko Kiruna. Bonde la Kongo na Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na Afrika ya kati inang'aa kwenye ramani za miali ya gama ya radi tangu BATSE, detekta za gama kwenye setilaiti ya NASA, ilipoitangaza mara ya kwanza 1994. Gama hizo zikizidi MeV 10.55 zinaweza kung'oa nyutroni kwenye nitrojeni, Teruaki Enoto na wenzake walishuhudia alama zake kwenye radi moja Japani, Kashiwazaki, Februari 2017.

Lakini uchaguzi wa kifaa unageuka. Mwali mmoja unaisha ndani ya chini ya milisekunde, fotoni zote zinakuja kwa mkupuo, na siziamu ayodaidi niliyoisifia hapo juu inazibwa na uvivu wake. Ndege ya ER-2 kwenye kampeni ya ALOFT, Julai 2023, iliyoruka kilomita 20 juu ya mawingu ya Ghuba ya Meksiko na Karibiani, ilibeba kristali za BGO na LYSO (hii ni ya haraka zaidi) za ukubwa tofauti makusudi, kubwa kwa mng'ao hafifu unaodumu, ndogo kwa mkupuo unaopofusha kubwa. Iga hilo kwa kiasi chako, plastiki moja ya haraka na ndogo pembeni ya kristali kubwa, na saa ya GPS yenye usahihi wa maikrosekunde, la sivyo hutaweza kuoanisha na mitandao ya kurekodi radi. Na puto la mpira ndani ya wingu la radi, ongea na mamlaka ya anga mapema mno.

Kuhakiki kabla ya kurusha

Gama ni rahisi. Siziamu-137 inakupa keV 662, kobalti-60 inakupa 1,173 na 1,332, na kama huna kibali cha vyanzo, mfuko wa mbolea ya potashi unakupa 1,461 ya potasiamu-40 ukiuacha pembeni usiku kucha. Kwa nishati za juu tumia muoni zinazoshuka zenyewe, ikikata sentimita moja ya siziamu ayodaidi wima inaacha kama MeV 5.6.

Nyutroni sio rahisi, unahitaji kalifoniamu-252 yenye wastani wa MeV 2 na kitu au ameresiamu-beriliamu yenye kama 4, na hivyo haviuzwi dukani, kwa Tanzania unabisha hodi Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, Arusha, kwa Kenya kuna mamlaka ya nyuklia, KNRA. Ukishindwa kupata chanzo cha nyutroni kabisa, basi rusha gama na ngao safari ya kwanza, na stilbini ibebe hivohivo bila kudai namba. Rekodi umbo zima la kila palsi kwenye kadi, sio hesabu tu, kadi ya GB 64 ni nyepesi kuliko betri moja, ili siku utakayopata kalifoniamu uiweke ile stilbini ileile mezani, ujue kizingiti kilikuwa wapi, na data ya zamani ianze kusomeka.